Malezi ya Kijana wa Jukwaa la Nyimbo: Historia na Funzo Lake

UTANGULIZI

Ndugu walimu, karibu kila shule ya sekondari katika nchi zetu huwa na mwanafunzi mmoja au wawili ambao hutambulikana mapema. Wimbo ukianzishwa katika mkusanyiko wa asubuhi, wao ndio waubebao. Ngoma ikilia, miguu yao haitulii. Wakipewa ubeti wausome mbele ya wenzao, darasa zima hunyamaza. Mwanafunzi wa namna hii akikaribia kumaliza masomo yake huwa na swali moja, na mara nyingi humletea mwalimu wa lugha: "Mwalimu, nifanye nini ili nikubaliwe katika chuo cha sanaa, nikasomee michezo ya nyimbo?"

Mimi niliulizwa swali hilo kwa mara ya kwanza na binti mmoja wa kidato cha sita, yapata miaka kumi na miwili iliyopita, na maandalizi niliyompa yalikuwa mabaya. Nilidhani kwamba kazi kubwa hugawanywa ili iwe nyepesi. Basi nikampangia ratiba: Jumatatu alikwenda kwa mwalimu wa kwaya kufundishwa sauti; Jumatano alikwenda kwa mwalimu wa michezo kufundishwa kucheza; na Ijumaa alikuja kwangu kughani shairi na kusema maneno ya mhusika mmoja wa tamthilia. Kwa miezi mitatu hakukosa hata siku moja. Siku ya usaili aliimba wimbo wa Kisoga, akasifiwa. Kisha mtahini mmoja, mama wa makamo, akamwambia: "Sasa mwanangu, niambie maneno ya wimbo huo bila kuuimba, kana kwamba unamwambia mtu aliyekukosea." Binti akakwama. Wimbo alikuwa ameupata katika kanda ya kwaya. Sauti zake alizijua, lakini maneno mawili ndani yake hakuyajua maana. Alipoambiwa aanze tena, aimbe huku akicheza na huku akimwelekea huyo mtu wa kubuni, sauti ilipotea, na miguu ikasimama.

Aliporudi aliniambia maneno ambayo sijayasahau: "Mwalimu, vyote nilivijua, ila sikuwahi kuvifanya pamoja." Kosa halikuwa lake wala la chuo. Lilikuwa langu.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiitafuta historia ya jambo hili. Je, vijana wa nchi zetu waliandaliwaje kwa jukwaa la nyimbo, kabla ya shule na baada ya shule? Makala haya yanakusudia kulijibu swali hilo kwa kifupi, na mwishoni kueleza ni kazi gani imwangukiayo mwalimu wa Kiswahili. Kwa kusema "mchezo wa nyimbo" nakusudia mchezo wa kuigiza ambao kisa chake husimuliwa kwa mazungumzo, kwa kuimba na kwa kucheza, hata ukiziondoa nyimbo kisa hakisimami.

MALEZI YA KABLA YA SHULE

Wako watu wafikirio kwamba kumwandaa kijana kwa jukwaa ni mambo ya kigeni yaliyoletwa na vyuo. Historia haikubaliani nao. Tuanze na jirani zetu wa Rwanda. Katika ufalme ule wa zamani vijana walichaguliwa wakakusanywa katika itorero, yaani kundi la malezi lililokuwa chini ya mfalme au mtawala mkubwa. Waliitwa intore, maana yake wateule. Humo walifundishwa kucheza kwa mpangilio mmoja, kutumia silaha, na adabu za baraza. Kadhalika walifundishwa kughani mashairi ya kujisifu, yaitwayo ibyivugo, ambayo kijana alipaswa kuyatamka kwa kasi na kwa ufasaha bila kusitasita. Mgeni awaonapo intore leo katika sherehe huzitazama nywele za katani, mikuki na miruko yao, akadhani hao ni wachezaji tu. Lakini katika malezi ya asili kijana aliyejua kuruka na asiyejua kusema hakuwa amehitimu. Mwili na ulimi vilifundishwa mahali pamoja, na watu wale wale.

Tuje sasa Uganda. Katika kasri ya Kabaka huko Mengo walikuwako wapigaji wa aina nyingi: wa filimbi, wa zeze, wa kinubi, wa baragumu, wa marimba na wa ngoma. Entenga peke yake ilikuwa safu ya ngoma 15, nazo zilipigwa na watu sita. Lakini chombo kitufundishacho zaidi kwa habari ya malezi ni amadinda, marimba yenye vibao 12 ambayo hulazwa juu ya migomba miwili. Wapigaji wake ni watatu. Wa kwanza hupiga mfululizo wake wa noti kwa mwendo ulio sawa. Wa pili, aliyeketi upande wa pili akimkabili, huingiza noti zake katika nafasi zilizoachwa na mwenzake, noti moja kwa moja, kama meno ya misumeno miwili yakutanavyo. Wa tatu hupiga vibao viwili tu vya mwisho, akiirudia sauti iliyokwisha kuzaliwa kati ya wale wawili. Hakuna hata mmoja wao apigaye wimbo mzima. Wimbo husikika katikati yao.

Kijana aliyeletwa kujifunza hakupewa daftari. Aliketi mbele ya mjuzi, akaonyeshwa sehemu yake, akaachwa aitafute nafasi ya kuingia. Alipokosea, kila mtu alisikia. Hivyo somo la kwanza lilikuwa kusikiliza, na kupiga kulifuata baadaye.

Tena liko jambo jingine ambalo sisi walimu wa lugha yatupasa kulizingatia. Luganda ni lugha yenye toni: kupanda na kushuka kwa sauti katika neno ni sehemu ya neno lenyewe. Kwa hiyo wimbo wa Kiganda wa asili hautungwi kwanza kisha ukabandikwa maneno. Mwendo wa sauti hufuata mwendo wa maneno. Mpigaji wa amadinda aliyeujua wimbo aliyajua maneno yake, hata kama siku hiyo hakuna aliyeyaimba. Muziki ulikuwa na mzizi katika usemi.

Malezi haya ya kasri yalikatika kwa ghafula. Tarehe 24 Mei 1966 majeshi ya serikali yalilishambulia kasri la Mengo. Kabaka Mutesa wa Pili akakimbilia Uingereza, na mwaka uliofuata falme zikafutwa. Wapigaji walitawanyika vijijini mwao. Miongoni mwa waliouhifadhi ujuzi ule alikuwa Evaristo Muyinda, mpigaji wa kasri ambaye alikuwa amekwisha kufundisha watu wengi, Waganda na wageni, katika Jumba la Makumbusho la Uganda. Bila walimu wa namna yake, vijana waliokuja baadaye wasingekuwa na wa kuketi mbele yake.

SHULE YAWATENGA NDUGU WATATU

Shule za misheni zilipoingia zilileta faida kubwa, nasi tunaoandika leo ni matunda yake. Hata hivyo, kwa upande wa sanaa zilifanya jambo moja ambalo twalilipia hadi sasa. Sauti ilipelekwa kanisani, ikasimamishwa wima katika safu za kwaya, mikono kando. Ngoma iliachwa nje ya lango, na mahali pengi ilikatazwa kabisa kwa kuhesabiwa kuwa ushenzi. Mchezo wa kuigiza ulipokuja, ulikuja kwa Kiingereza, mara nyingi kwa vazi la Shakespeare, na haukuwa na habari na kwaya wala na ngoma. Waliokuwa ndugu watatu wa nyumba moja wakawa wageni, kila mmoja na mwalimu wake na siku yake. Ratiba yangu ya Jumatatu, Jumatano na Ijumaa haikuwa ubunifu wangu; niliirithi.

Nyimbo za dini nazo zilifasiriwa kutoka lugha za Ulaya huku sauti za Ulaya zikiachwa kama zilivyo. Katika lugha yenye toni matokeo yalikuwa ya ajabu: neno lililotakiwa kushuka lilipandishwa, na msikilizaji akalazimika kukisia maana. Wataalamu wetu waliliona tatizo hili mapema. Joseph Kyagambiddwa, aliyetoa kitabu chake juu ya muziki wa Kiafrika mwaka 1955, alitunga wimbo mrefu wa kidini juu ya Mashahidi wa Uganda akiusimika juu ya muziki wa asili wa Kiganda. Wimbo huo uliimbwa Roma mwaka 1964, mwaka ambao mashahidi hao walitangazwa watakatifu.

Kiswahili hakina toni, lakini kina mkazo, nao hukaa kwa kawaida katika silabi ya pili kutoka mwisho. Mwalimu yeyote analijua neno "barabara": mkazo ukiwekwa katika silabi ya tatu, ni njia ya kupitia, ukiwekwa katika silabi ya pili, maana yake ni sawasawa. Wimbo ukivuta silabi isiyostahili, maana huyumba. Sikiliza kwaya nyingi za shule, utasikia "baba" na "mama" wakiimbwa kana kwamba mkazo uko mwisho, na hakuna asahihishaye, kwa sababu mwalimu wa kwaya huangalia noti na mwalimu wa Kiswahili hakualikwa.

Haifai lakini kusema kwamba shule za kikoloni hazikuzaa kitu chochote katika jambo hili. Huko Kenya, katika miaka ya 1950, wanafunzi wa Alliance High School waliandika na kuigiza michezo kwa Kiswahili. Mmoja wao alikuwa Henry Kuria, ambaye mchezo wake Nakupenda Lakini ulichapishwa mwaka 1957. Graham Hyslop, Mwingereza aliyeshughulikia muziki na maigizo katika Kenya, naye aliandika michezo mifupi kwa Kiswahili. Michezo ile ni miepesi tukiilinganisha na iliyofuata, lakini inatuonyesha jambo kubwa: kijana wa shule akipewa lugha anayoisikia sokoni na nyumbani, hahitaji kusukumwa ili apande jukwaani.

JUKWAA LATOKA NJE YA KUTA

Jumba la Taifa la michezo lilifunguliwa Kampala mwaka 1959. Kwa miaka ya mwanzo lilikuwa zaidi mahali pa wageni na wasomi wachache. Mwaka 1965 wanafunzi wa Makerere, wakiongozwa na mwalimu wao David Cook, walianza safari za maigizo bila kiingilio. Walizunguka Uganda na Kenya, wakacheza katika kumbi za shule na katika viwanja vya wazi, kwa Kiingereza na kwa lugha za wananchi, Kiswahili kikiwemo. Kijana aliyezoea ukumbi mtulivu alijikuta mbele ya watu mia kadhaa, wengine wamesimama, watoto wanalia, upepo unachukua maneno. Hapo hakuna aliyeuliza amepata alama gani katika somo la fasihi. Aliyesikika alisikika, na asiyesikika aliachwa. Ilikuwa shule kali, na wengi waliopita humo walikuja kuwa walimu na viongozi wa maigizo.

Mwaka 1971 mambo mawili makubwa yalitokea Uganda katika fani hii. La kwanza, Chuo Kikuu cha Makerere kilianzisha idara ya Muziki, Dansi na Drama. La pili, Byron Kawadwa alitoa mchezo wake uitwao Oluyimba lwa Wankoko, yaani Wimbo wa Jogoo, ambao muziki wake aliushughulikia pamoja na mtunzi Wassanyi Serukenya. Huo ulikuwa mchezo wa nyimbo kwa maana kamili. Kisa chake ni cha kasri na kugombea madaraka. Lugha yake ni Luganda. Na watu walimiminika kuutazama. Kundi lake, Kampala City Players, lilithibitisha kwamba mchezo wa nyimbo kwa lugha ya Kiafrika unaweza kulijaza jumba ambalo zamani lilikuwa la wageni.

Mwaka 1977 mchezo huo ulipelekwa Lagos, Nigeria, katika tamasha kubwa la sanaa za watu weusi lijulikanalo kama FESTAC. Muda mfupi baada ya kurudi nyumbani Kawadwa alikamatwa na watu wa utawala wa Idi Amin, akauawa. Wakati huo alikuwa ndiye mkuu wa jumba lile la Taifa. Kule Kenya, mwaka 1982, mchezo wa nyimbo uitwao Maitu Njugira, ambao Ngugi wa Thiong'o na wanakijiji wa Kamiriithu walikuwa wakiufanyia mazoezi, ulizuiwa kuonyeshwa katika jumba la taifa la Nairobi; na jukwaa la wazi ambalo wanakijiji walilijenga kwa mikono yao likavunjwa.

Nayataja haya kwa sababu wako wazazi, na hata walimu, wasemao kwamba kusomea nyimbo na ngoma ni mchezo wa watoto. Watawala hawakuona hivyo. Mtu hauawi kwa jambo la mchezo. Kijana anayejiandaa kwa fani hii yafaa ayajue majina hayo, ili ajue kwamba anaingia katika nyumba ambayo wenyewe walilipa gharama.

VYUO VYAUNGANISHA TENA

Jina lenyewe la ile idara ya Makerere, Muziki, Dansi na Drama, lilikuwa jibu kwa shule ya kikoloni: mambo matatu chini ya dari moja. Miongoni mwa walimu wake mashuhuri alikuwa Rose Mbowa, mwigizaji na mwongozaji aliyefariki mwaka 1999. Mchezo wake Mother Uganda and Her Children, wa miaka ya 1980, ulizikusanya nyimbo na ngoma za sehemu mbalimbali za Uganda katika kisa kimoja cha mama na watoto wake, wakati ambapo nchi ilikuwa imetoka katika vita. Mwanafunzi aliyechezeshwa humo alilazimika kujifunza wimbo wa kabila lisilo lake, na kuucheza kwa mwili ambao haukuzaliwa nao. Huo peke yake ni mtaala.

Nje ya chuo kikuu, Robert Serumaga aliwakusanya vijana waliotoka shuleni akawafundisha yeye mwenyewe. Katika mchezo wake Renga Moi, wa mwaka 1972, ngoma, wimbo na mwendo wa mwili vilibeba sehemu kubwa ya kisa. Vijana hao waliufikisha mchezo huo katika majukwaa ya ng'ambo.

Tanzania ilifika hapo kwa njia yake. Rais Nyerere aliunda wizara ya utamaduni mwaka 1962, na mwaka 1963 Kikundi cha Ngoma cha Taifa kikaanzishwa. Baadaye vikaundwa vikundi vya taifa vya sarakasi na vya maigizo. Vikundi hivyo vilikuwa na wasanii hodari, lakini kila kimoja kilikuwa na fani yake. Mwaka 1981 kikafunguliwa Chuo cha Sanaa Bagamoyo, na hapo ngoma, muziki, maigizo, sarakasi, sanaa za mikono na ufundi wa jukwaa vikawekwa mahali pamoja. Mwanafunzi hakuruhusiwa kuchagua kile akipendacho tu na kuviacha vingine; aliyekuja kwa ajili ya maigizo alipiga ngoma pia, na aliyekuja kwa ajili ya ngoma alisema maneno jukwaani. Hukwe Zawose, bingwa wa zeze na ilimba kutoka Ugogo, aliyefariki mwaka 2003, alikuwa mmoja wa wasanii waliokipa chuo hicho sifa. Kijana aliyeketi mbele yake alikuwa ameketi kama yule kijana wa Mengo. Tangu mwaka 2007 chuo hicho kinaitwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo.

MFANO WA MAREKANI

Kwa kuwa vijana wetu huona filamu za Marekani na kuzichukua kuwa kipimo, yafaa tuseme neno juu ya huko. Marekani ilikuwa na shahada ya maigizo mapema sana; chuo cha Carnegie mjini Pittsburgh kiliianzisha mwaka 1914. Lakini kwa muda mrefu mwimbaji, mcheza dansi na mwigizaji walikuwa watu watatu. Mchezo wa nyimbo Oklahoma! ulipoonyeshwa New York mwaka 1943, palikuwapo sehemu ya ndoto ya msichana mhusika mkuu. Mwigizaji aliyeimba alimpisha mcheza dansi amchezee sehemu hiyo. Mwaka 1957 ulipotokea West Side Story, vijana wa jukwaani walitakiwa kuimba, kucheza na kuigiza, wote kwa mwili mmoja. Mwishoni mwa miaka ya 1960 vyuo, mathalani Chuo Kikuu cha Cincinnati, vikaanza kutoa shahada ya mchezo wa nyimbo yenyewe.

Leo kijana wa huko anayetaka kuingia chuo hujiandaa kwa miaka. Kwa kawaida husailiwa kwa kuimba vipande viwili, kila kimoja pengine baa 16 au 32 tu. Kusema maneno ya mhusika kwa muda wa dakika moja hivi. Na kucheza katika kikundi hatua alizofundishwa papo hapo. Kwa dakika hizo chache watahini hutazama kama anaisikia maana ya anachoimba, na kama anaweza kufundishika. Vipimo hivyo ni vya kweli, nasi hatuna haja ya kuvikataa. Hata hivyo tusivipokee kama maajabu. Lile walilolifikia mwaka 1957 baada ya kazi kubwa, yaani mtu mmoja mwenye sauti, mwendo na usemi, ndilo intore wa Rwanda alilodaiwa kabla hajafikisha miaka ishirini.

KAZI YA MWALIMU WA KISWAHILI

Kutokana na historia hii nimejifunza mambo manne, nami huyatumia kwa kila mwanafunzi anijiaye na lile swali.

Kwanza, neno litangulie sauti. Mwanafunzi asiimbe wimbo wowote mbele yangu kabla hajaniambia maneno yake kwa kusema tu, kila neno kwa maana yake na mkazo wake. Kisha huniambia maneno hayo hayo mara tatu: kwa mtu anayempenda, kwa mtu anayemdai, na kwa mtu aliye ng'ambo ya mto. Baada ya hapo ndipo huimba. Zoezi hili halihitaji piano wala kinanda. Linahitaji mwalimu ajuaye lugha.

Pili, fani zisitenganishwe tangu siku ya kwanza. Hata kama ubeti ni mmoja, na ausemwe, uimbwe na kuchezwa katika kipindi kile kile. Mwalimu wa kwaya, wa michezo na wa lugha wakutane chumba kimoja walau mara moja kwa juma. Sisi watatu tulianza kufanya hivyo katika darasa lililo karibu na stoo, na mwanzoni tulionekana kuwa watu wasio na kazi.

Tatu, kijana ajifunze kusikiliza. Namketisha na mwenzake, mmoja akipiga makofi kwa mwendo ulio sawa, wa pili akiingia katika nafasi zilizobaki, kama wapigaji wa amadinda wafanyavyo. Kisha huongeza wimbo juu yake. Wengi wenye sauti nzuri hushindwa mwanzoni, kwa sababu wamezoea kusikilizwa.

Nne, awe na wimbo wa kwao anaoujua hadi mizizi: ulitungwa kwa ajili ya nini, huimbwa na nani, wakati gani, na nani hatakiwi kuuimba. Kwa wimbo kama huo hakuna mtahini awezaye kumkwamisha.

HITIMISHO

Yule binti hakujaribu tena. Alisomea ualimu wa shule za msingi, na nasikia wanafunzi wake huimba vizuri. Nilipokutana naye sokoni Iganga hakunilaumu, na hilo lilinichoma zaidi kuliko lawama.

Mwaka huu amekuja mwingine, mvulana wa kidato cha sita. Nilikwenda kwa baba yake kumwomba ridhaa. Mzee alinikaribisha vizuri, akanipa kiti, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa lugha yetu: "Mwalimu, ngoma tunazo hapa hapa. Sikuuza ng'ombe ili mwanangu akajifunze kitu nilicho nacho nyumbani."

Nilikaa kimya kwa muda, maana alikuwa amesema kweli. Kisha nikamuuliza, "Mzee, wewe mwenyewe ulipiga nini?" Akasema kwamba ujanani mwake alikuwa mpigaji wa embaire, yale marimba makubwa ya Busoga ambayo huwekwa juu ya shimo na kupigwa na watu kadhaa kwa pamoja. Tangu kikundi chao kilipovunjika hajaigusa, wala hakuna hata mmoja wa watoto wake aliyemwona akipiga.

"Basi Mzee," nilimwambia, "sikuja kukuomba umwachie mwanao. Nimekuja kukuomba umfundishe."

Habari ya chuo bado hajaikubali, na usaili ni mwezi ujao. Lakini wakati wa likizo vile vibao vilitolewa darini. Mvulana aliniambia kwamba wawili kati yao vilikuwa vimeliwa na mchwa, na kwamba baba yake alikwenda mwenyewe msituni kutafuta mti wa kuchonga vingine.